Je, Shahidi Ndiye Mwuaji?

Swali la juma hili limetoka Igogwe, katika wilaya ya Rungwe. Vijana kadhaa wa huko walitazama katika simu filamu inayoeleza mauaji ya London ya mwaka 1888. Wakabishana jioni nzima, wakagawanyika makundi mawili, na mwisho wakatutaka sisi tuamue. Kundi moja lashikilia kwamba mtu wa kwanza aliyeikuta maiti ndiye aliyeua. La pili lasema huyo alikuwa mpita njia tu, na shahidi mwema.

Huenda wasomaji wengine wakastaajabu. Ya nini gazeti linalosomwa na baba, mama na watoto kujishughulisha na damu iliyomwagika zamani katika nchi ya mbali? Nasi tuliwaza hivyo kwanza. Lakini swali hilo si la London peke yake. Kila mtu anayeshuka milima ya Rungwe kabla ya mapambazuko, ukungu ukiwa bado mzito, mkungu wa ndizi kichwani au gunia la viazi mgongoni, yumo ndani ya swali hilo. Maana siku yoyote yaweza kumpata akute njiani jambo ambalo hakulitafuta. Atafanyaje? Na sisi tutamsemaje?

Yafaa kwanza tuijue habari yenyewe, kwa kuwa wengi huisimulia kwa chumvi.

Ijumaa tarehe 31 Agosti 1888, yapata saa tisa na dakika 40 usiku, mtu mmoja jina lake Charles Lechmere alikuwa akienda kazini kwa miguu. Alikuwa mwendesha gari la farasi la kuchukulia mizigo, naye alikuwa ameitumikia kampuni ya Pickfords miaka zaidi ya 20. Alipofika katika barabara iitwayo Buck's Row, mtaa wa Whitechapel, mashariki ya London, aliona gizani kitu kimelala mbele ya lango, akadhani ni turubai. Aliposogea akatambua kuwa ni mwanamke. Mara akasikia nyayo za mtu anayekuja: naye ni Robert Paul, mwendesha gari la mizigo kama yeye, akielekea kazini vilevile. Lechmere akamwita aje atazame. Wakamgusa yule mwanamke mikono na uso. Mikono ilikuwa ya baridi, ila Paul alidhani amesikia pumzi kidogo sana. Wakamteremshia nguo zake kwa ajili ya heshima yake. Kisha, kwa kuwa walikuwa wamechelewa, wakaenda zao wakiazimu kumwarifu polisi wa kwanza watakayekutana naye, na kweli wakakutana na konstebo Jonas Mizen wakamwarifu. Kumbe huku nyuma konstebo mwingine, John Neil, aliyekuwa katika zamu yake, alikuwa amekwisha kuikuta maiti yeye mwenyewe, na kwa mwanga wa taa yake aliona kile ambacho wale wawili hawakukiona gizani: koo lilikuwa limekatwa.

Mwanamke huyo aliitwa Mary Ann Nichols. Alikuwa na umri wa miaka 43, mama wa watoto watano, naye usiku ule alikuwa amekosa senti chache za kulipia kitanda. Twamtaja kwa jina lake kwa makusudi, maana katika ubishi wa namna hii wote hukumbuka jina la mshukiwa na kumsahau marehemu. Kabla ya tarehe 9 Novemba kupita, wanawake wengine wanne waliuawa katika mitaa ileile au ya jirani: Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Mwuaji hakupatikana. Hata lile jina la utani analojulikana nalo, Jack the Ripper, lilitoka katika barua iliyopelekwa kwa shirika la habari, na wengi wanaamini kwamba iliandikwa na mwandishi wa magazeti aliyetaka kuuza habari. Sisi wa kazi hii tuna la kujifunza hapo.

Tarehe 3 Septemba Lechmere alifika mbele ya baraza la kuchunguza kifo, akala kiapo, akaeleza aliyoyaona. Alijitaja kwa jina la Charles Cross. Baada ya hapo akarudi kwenye farasi wake, akalea jamaa kubwa, akafariki mwaka 1920 bila mtu yeyote kumnyoshea kidole. Zaidi ya miaka 100 baada ya mauaji, watafiti waligundua kwamba Cross na Lechmere ni mtu mmoja, ndipo shuku zikaanza. Mwaka 2014 filamu ya televisheni ilimtaja kuwa ndiye, na mwaka 2021 mwandishi wa Uswidi, Christer Holmgren, akatoa kitabu kizima cha kumshtaki.

Hoja za washtaki wake si za kipuuzi. Wasema alikutwa peke yake karibu na maiti, na hakuna ajuaye alikuwapo hapo kwa muda gani. Wasema damu ilikuwa bado ikitoka Neil alipofika, kwa hiyo mauaji yalikuwa ya dakika chache tu. Konstebo Mizen alieleza kwamba mtu yule alimwambia kuna polisi mwenzake anayemhitaji kule Buck's Row, na Cross akakana kusema hivyo. Mmoja wao, basi, alikosea au alisema uongo. Tena mahali pengine palipotokea mauaji palikuwa karibu na njia yake ya kwenda kazini. Na juu ya yote, mbona alificha jina lake?

Hili la jina ndilo lililowakamata sana vijana wetu, nasi tutalikalia kidogo. Thomas Cross alikuwa baba yake wa kambo, naye alikuwa polisi. Mtoto aliyelelewa na mtu akatumia jina la mtu huyo hapa na pale, je, ndiye mwongo? Tuwaulize watu wa Rungwe, ambako mtu mmoja aweza kuwa na jina la ubatizo, jina la ukoo, jina aliloandikishwa shuleni, na jina la mjomba aliyemlea, na karani wa kila ofisi akaandika lile alilolisikia kwanza. Zaidi ya hayo, Cross huyo alilitajia baraza nyumba anayokaa, namba 22 Doveton Street, na kampuni anayofanya kazi. Mtu atakaye kujificha hafanyi hivyo. Polisi wangeweza kumpata jioni ileile akinywa chai na mkewe. Habari ya njia nayo ina uzito mdogo. Maelfu ya vibarua walipita mitaa ile kila usiku, na mtu yeyote aliyekaa upande mmoja wa Whitechapel na kufanya kazi upande wa pili angepita karibu na damu hiyo. Yanabaki maneno ya Mizen na zile dakika zisizojulikana. Hayo hatuwezi kuyafuta. Saa za mwaka 1888 hazikuafikiana, na konstebo aliyechelewa kwenda mahali pa tukio alikuwa na sababu yake ya kujitetea. Lakini twakiri kwamba jambo hilo halikuelezwa likaisha.

Mzee mmoja aliyekuwa akiwasikiliza vijana siku ile, tumeambiwa, aliwauliza swali moja tu: "Yule mtu angalikimbia, mngesemaje?" Wakajibu kwa sauti moja: "Tungesema ndiye." Mzee akanyamaza.

Swali hilo lafika kwenye shina la jambo. Lechmere hakukimbia, alimngoja mtu anayekuja, akamwita. Washtaki wake wasema huo ulikuwa ujanja. Angalikimbia, kukimbia kungalikuwa ushahidi. Alikwenda barazani: wasema alitaka kujua polisi wanajua nini. Asingalikwenda, wangalisema amejificha. Shtaka ambalo kila jibu laligeuka kuwa ushahidi mpya haliwezi tena kuitwa uchunguzi. Ni uamuzi uliokwisha kukatwa, unaotafuta nguo za kujivika.

Walakini tusiwe wepesi upande wa pili. Wako watu wasemao kwamba shahidi asishukiwe kamwe, kwa kuwa ametenda wema. Maandiko yenyewe hayasemi hivyo. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli twasoma habari ya Susana, mke wa Yoakimu, aliyeshtakiwa uzinzi na wazee wawili waliokuwa waamuzi wa watu. Walikuwa mashahidi, tena wenye mvi na heshima. Watu wote wakawasadiki, na Susana akahukumiwa kufa. Nao ndio waliokuwa wenye hatia. Basi shahidi aweza kuwa mkosefu, na jumuiya nzima yaweza kudanganyika naye. Lakini angalieni alivyofanya Danieli. Hakuwaambia watu kwamba nyuso za wazee hao hazimpendezi, wala hakuanza kuhesabu njia walizopita. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani alipowaona wale wawili. Mmoja akataja mti huu, wa pili akataja mwingine. Aliwahoji wakiwa hai, mbele ya watu, kwa swali linaloweza kujibiwa, na jibu lao lingaliweza kuwaokoa kama lingalikuwa la kweli.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika mauaji yaleyale ya London alikuwako shahidi mwingine, George Hutchinson, ambaye kwa maoni yetu alistahili kuhojiwa zaidi kuliko Lechmere. Alikwenda polisi tarehe 12 Novemba, siku tatu baada ya Mary Jane Kelly kuuawa, akasema mwenyewe kwamba usiku ule alisimama nje ya makao ya Kelly karibu robo tatu ya saa, na kwamba alimwona mwanamume aliyeingia naye, ambaye alimweleza mavazi yake mpaka mnyororo wa saa, ingawa ulikuwa usiku. Inspekta Abberline alimhoji usiku uleule, akaandika kwamba anaamini maneno yake. Sisi leo twaweza kusema Abberline alikuwa mwepesi wa kuamini. Lakini Abberline alimwona mtu uso kwa uso. Sisi tuna karatasi tu. Yeye angeweza kumwuliza swali la pili.

Jambo la namna hii limetokea karibu nasi pia. Usiku wa tarehe 24 Januari 1941, nje kidogo ya Nairobi, Waafrika wawili waliokuwa katika gari la maziwa waliona motokaa imeacha barabara, taa zinawaka. Ndani yake alikuwamo Lord Erroll, mkubwa mmoja wa walowezi wa Kenya, amepigwa risasi. Mzee Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa akipendana na marehemu, alishtakiwa. Kesi ilidumu mpaka tarehe 1 Julai 1941, wazee wa baraza wakaona hana hatia, akaachiliwa. Mwaka uliofuata alijiua huko Liverpool. Mpaka leo vitabu havijaisha. Kimoja chamtaja Broughton yuleyule ambaye mahakama ilimwachilia; kingine chasema ni kazi ya watu wa siri wa Serikali ya Uingereza; kingine, cha mwaka 2010, chamtaja Alice de Janzé, mwanamke aliyekuwa mpenzi wa zamani wa Erroll, naye alijiua mwezi Septemba 1941. Ni kweli kwamba huyo bibi aliwahi kumpiga risasi mpenzi mwingine huko Paris mwaka 1927, na polisi hawakukosa sababu ya kumfikiria. Hata hivyo vitabu hivyo vyote haviwezi kuwa kweli pamoja. Ikiwa kimoja ni kweli, vilivyobaki vimewapaka damu watu wasio na hatia, ambao hawana kinywa cha kujibu, na waandishi wake wamelipwa kwa kazi hiyo.

Sheria za nchi nyingi haziwapi wafu haki ya kushtaki mtu aliyewakashifu. Lakini Amri ya Nane haikuandikwa kwa ajili ya walio hai peke yao. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilitazama jambo hili kwa makini alipoeleza juu ya hukumu ya kudhani. Akafundisha kwamba pasipo ushahidi ulio wazi, lenye shaka lazima tulitafsiri kwa upande ulio mwema. Akajiwekea mwenyewe pingamizi ambalo kila mtu mwenye akili angeliweka: je, tukifanya hivyo hatutakosea mara nyingi, kwa kuwa waovu ni wengi? Alijibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mwovu, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema. Maana katika kosa la kwanza hakuna aliyedhulumiwa, na katika la pili yuko.

Hakimu na polisi wako katika kazi nyingine. Wao wamepewa na jumuiya wajibu wa kushuku, na polisi asiyemwuliza maswali mtu wa kwanza kuikuta maiti ni mvivu. Mwacheni amwulize alitoka wapi, saa ngapi, amemwona nani. Lakini shuku ya polisi ina mipaka: inaandikwa, inajibiwa, na isipothibitika inafungwa. Shuku ya kilabuni na ya katika simu haifungwi na mtu yeyote. Mwezi Septemba 1888 London ilipokuwa ikimtafuta mwuaji, jina la mshona viatu mmoja, John Pizer, lilivuma mitaani na magazetini, hata akajificha kwa ndugu zake akiogopa kuraruliwa na watu. Polisi walimkamata, wakahakikisha alikuwa wapi siku za mauaji, na tarehe 12 Septemba akasafishwa mbele ya baraza. Waliomwokoa ni wale waliomshuku kwa utaratibu.

Nasi tusiwacheke Wazungu wa zamani hizo. Wazee wa Rungwe wanajua habari za mwavi, ambao Kinyakyusa huitwa umwafi. Kifo kilipotokea bila sababu kuonekana, mshukiwa alinyweshwa dawa ile: akitapika hana hatia, asipotapika ndiye. Serikali ya kikoloni iliukataza. Twaelewa ulikotoka, ni vigumu mno kwa watu kukaa na kifo kisicho na mwenyewe. Moyo hauridhiki mpaka liwepo jina. Lakini kiu ya jina si kiu ya haki, na mara nyingi jina linalopatikana kwanza ni la yule aliyekuwa karibu: mke mwenza, jirani aliyekuja mapema kulia msibani, mpita njia. Ramli chonganishi za leo, zilizowaua vikongwe huko Usukuma kwa sababu ya macho mekundu tu, ni mwavi uleule katika kibuyu kingine.

Tena kuna hasara ambayo haimwangukii mshukiwa peke yake. Mwezi Februari 1990 Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Kenya, Dakta Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na maiti yake ilipatikana tarehe 16 katika kilima cha Got Alila. Baadaye ilijulikana kwamba kijana mchungaji wa ng'ombe alikuwa ameiona siku kadhaa kabla ya polisi, akanyamaza kwa woga. Ni nani atakayemlaumu? Alikuwa kijana maskini, peke yake kichakani, mbele ya maiti ya mtu. Alijua bila kufundishwa kwamba neno la kwanza atakaloulizwa ni: "Wewe ulikuwa unafanya nini pale?" Kwa siku hizo mvua, jua na wanyama walikuwa huru kuharibu alama ambazo pengine zingalionyesha mengi. Mauaji hayo nayo hayajapata mwenyewe mpaka leo.

Sheria yetu ya Tanzania, ile ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yamtaka kila mtu anayepata habari ya kifo cha ghafula au cha kuuawa atoe taarifa upesi kwa polisi au kwa mwenye mamlaka mahali hapo, naye aifikishe polisi. Ni sheria njema. Lakini sheria hiyo yategemea jambo ambalo Bunge haliwezi kulitunga, yaani hakika ya yule mama wa Igogwe kwamba akiweka mkungu wake chini na kwenda kumgongea mwenyekiti wa kijiji mlango, jioni ile jina lake halitakuwa linazunguka kwenye simu za vijana pamoja na picha yake. Asipokuwa na hakika hiyo atapita upande wa pili wa njia, kama kuhani na Mlawi katika mfano tunaoujua sote. Na pengine aliyelala pale bado anapumua kidogo sana, kama Paul alivyodhani.

Kwa hiyo tukiulizwa kama Lechmere aliweza kuua, jibu letu ni kwamba aliweza, kama walivyoweza maelfu ya wanaume wa mtaa ule. Tukiulizwa kama imeonyeshwa kwamba aliua, jibu ni hapana. Na kundi lile la kwanza, pamoja na akili zao nzuri ambazo tumezipenda, hawana ruhusa ya kulisema kama jambo la hakika.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, iko sheria juu ya mtu aliyekutwa ameuawa kondeni na haijulikani nani amemwua. Wazee na waamuzi watoke, wapime umbali toka maiti mpaka miji inayozunguka. Na wazee wa mji ulio karibu zaidi watwae mtamba asiyefanyishwa kazi, wamteremshe kwenye bonde lenye maji, na hapo wanawe mikono yao na kuomba damu hiyo isihesabiwe juu ya watu. Wanaoitwa kujibu ni wakubwa wa mji. Aliyeikuta maiti hatajwi popote katika sheria hiyo.